Paa Tulilogawana

Tarehe 3 Februari

Baba Chiriku,

Salamu utazikuta mwisho wa barua. Nikianza nazo hasira itapoa, nami sitaki ipoe kabla sijakueleza.

Jana mchana Mama Pacha aliniletea sare za wanawe nizitie viraka, magoti yametoboka kama kawaida ya watoto wale. Kugeuza mifuko, nikakuta imejaa unga mweupe. Nikadhani ni chaki. Nikakung'uta, unga ukaruka mpaka kwenye cherehani, nikapiga chafya hadi machozi yakanitoka. Nikamwita binti yako nikamwuliza, "Siku hizi shuleni mnafunga chaki mifukoni?" Akasema, "Si chaki, Mama, ni paa. Upepo ukivuma linatunyunyizia. Sisi huwa tunaandika majina kwenye madawati kwa kidole."

Alisema hivyo huku anacheka. Unamjua Chiriku, hakuna jambo lisilomchekesha.

Unakumbuka kile kikohozi chake cha mwezi uliopita. Nilipompeleka kliniki, nesi aliuliza anasoma wapi. Nilipoitaja shule akaacha kuandika. Akasema paa lile ni la asbesto, na asbesto ikizeeka unga wake huingia kifuani na hautoki. Akasema lilitakiwa kuondolewa zamani. Nikamwuliza nani wa kuliondoa. Akamwita mgonjwa anayefuata.

Basi nimekwenda kuliona. Nimekaa kwenye dawati la Chiriku, magoti yamenifika kidevuni, nikatazama juu. Mabamba ya kijivu, yamekatika pembeni kama mkate mkavu, na pale juu yake kuna ufa umezibwa kwa gunia. Mwalimu wao hufagia kila asubuhi kabla watoto hawajaingia, masikini, anafagia kwa bidii kweli.

Tumeitisha kikao cha wazazi. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati. Nadhani ni kwa sababu nina sauti kubwa, na kwa sababu sina mume nyumbani wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nimemwandikia ofisa wa majengo ya shule. Sasa tunasubiri.

Haya, hujambo? Unakula? Blanketi linatosha? Huku wazima, isipokuwa nyumba imekuwa kubwa.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 17 Februari

Mama Chiriku, mwenyekiti wangu,

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la chakula, yule tunayemwita Konokono kwa mwendo wake. Huku hakuna mtandao hata wa kubahatisha, simu yangu imebaki kuwa tochi. Kwa hiyo Konokono akionekana kule bondeni tunaacha kazi wote, hata msimamizi, kila mtu anatazama kama ameitwa jina.

Mimi mzima. Barabara inakwenda. Natoka na greda alfajiri, nasawazisha udongo mpaka jua linazama, kisha narudi kulala. Kambi yetu ni nyumba za zamani zilizoachwa na kampuni fulani, na kama unataka kujua, kitanda changu kiko chini ya paa la kijivu kama hilo hilo. Linanidondokea usoni usiku. Mimi nageukia ukutani, nalala. Lakini mimi ni mimi, na Chiriku ni Chiriku.

Sasa nisikilize. Ofisa hatakuja. Mimi nimefanya kazi za serikali, nawajua. Wao ni kama greda langu asubuhi ya baridi, bila watu kulisukuma haliwaki. Mwashi si ni mzazi wa hapo? Mtafuteni yeye na wanaume wengine, shule ikifungwa, mling'oe paa hilo wenyewe. Waanzie juu kwenye mgongo washuke nalo, nyundo nzito chache zinatosha. Darasa likibaki wazi, ofisa ataona aibu na atawaletea mabati. Asipoona aibu leo, mvua itamkumbusha. Kwa sasa nawatumia maturubai mawili makubwa kwa Konokono, msimamizi amesema yamechakaa nichukue.

Siwezi kuja kushika nyundo. Lakini sitaki useme uliliondoa paa hilo peke yako.

Mumeo mwenye vumbi,
Baba Chiriku


Tarehe 2 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wazazi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAA LA SHULE

Barua yako imepokelewa. Ofisi inapenda kukujulisha kuwa suala ulilolileta linafahamika na linafanyiwa kazi. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, paa la shule husika ni "chakavu kiasi". Wataalamu watafika shuleni kufanya tathmini mara usafiri utakapopatikana.

Wazazi mnaombwa kuwa watulivu na kuendelea kushirikiana na uongozi wa shule.

Kwa niaba ya Ofisa wa Majengo ya Shule


Tarehe 20 Machi

Baba Chiriku,

Nakunukulia majibu ya ofisi, kwa vile nataka nawe ucheke: paa letu ni "chakavu kiasi". Kiasi gani, hawakusema. Labda kiasi cha kukohoza watoto watatu kwa wiki.

Nilikwenda mwenyewe. Siku ya kwanza ofisa yuko mkutanoni. Siku ya pili yuko safarini. Siku ya tatu nikamwona kwa macho yangu huyo Bwana Tunalifanyia Kazi, amekaa chini ya feni, nikamwekea unga wa mifuko ya wale mapacha mezani kwenye karatasi. Akasogeza kiti nyuma! Akasema, "Mama, toa hicho kitu hapa." Nikamwambia, "Kumbe unakijua." Akaniambia nisiwe na jazba. Nikatoka na karatasi yangu.

Tangu hapo wazazi wameanza kupungua. Kikao cha kwanza darasa lilijaa, cha pili tulikaa madawati ya mbele tu, cha juzi nilikuwa mimi, mwashi, na mwalimu mkuu anayetazama saa. Nikikutana nao njiani wananiambia, "Tuko pamoja, mwenyekiti." Pamoja wapi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu wamenitwisha mimi.

Nimefikiri sana juu ya shauri lako. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwangu ndiyo fimbo pekee niliyonayo. Mwashi amekubali. Maturubai yamefika. Tumepanga Jumamosi ya tarehe 5 Aprili, shule itakuwa imefungwa. Nimewapitia wazazi nyumba kwa nyumba, wameapa watakuja.

Kitu kingine nilitaka nisikuandikie, lakini nakiandika. Barua zako namsomea Chiriku kwa sauti. Zamani alikuwa ananisahihisha, "Baba hasemi hivyo, anavuta maneno." Juzi aliniuliza sauti yako ni nene au nyembamba. Nikamwambia nene. Akasema, "Mh, mimi nilidhani nyembamba." Kisha akaendelea na mambo yake. Mimi nilibaki na barua mkononi.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 29 Machi

Mke wangu,

Simamisha kazi ya Jumamosi. Ukisoma neno hilo, usiendelee kusoma, nenda kwa mwashi kwanza, ndipo urudi.

Wiki hii wamekuja watu kuondoa paa la kambi yetu. Hatukuwatambua kama ni watu. Wamevaa nguo nyeupe za nailoni kutoka kichwani hadi miguuni, glavu, vinyago vya kufunika pua na mdomo, tukacheka, tukawaita walina asali. Kisha tukaacha kazi kuwatazama. Hawakupiga hata nyundo moja. Waliyamwagia mabamba maji mpaka yakachuruzika, wakafungua misumari taratibu, wakashusha bamba zima zima kama wanashusha mgonjwa kitandani, wakayafunga kwenye plastiki nene. Walipomaliza wakavua zile nguo wakazifunga nazo.

Hapa tuna bwana mmoja wa usalama kazini, tunamwita Usiguse maana ndilo neno lake kwa kila kitu. Siku zote tunamdhihaki. Leo nilimfuata nikamwuliza, nikamweleza habari za shule. Alishika kichwa. Akasema bamba likitulia lina ubaya wake, lakini likivunjwa ndipo linapoua. Kila pigo la nyundo linatoa unga usioonekana, unakaa hewani, unaingia kifuani. Kufagia bila maji ndiyo mbaya zaidi. Akasema mtoto asiwe hata karibu.

Mama Chiriku, msilivunje. Mkono wangu ndio ulioandika nyundo, na mkono huo huo unaandika hapana.

Mvua imekuwa kubwa na barabara ya nyuma imekatika, lakini Konokono anasema ataondoka kesho. Nimempa barua hii mkononi na nimemwambia asiiweke na nyingine.

Mumeo


Tarehe 6 Aprili

Baba Chiriku mpenzi,

Tumefanya!

Nataka ulisikie hili kwangu kabla ya mtu mwingine. Jana asubuhi mwashi alipanda na nyundo, na bamba la kwanza lilipodondoka nilipiga kigelegele peke yangu katikati ya uwanja kama mama wa bwana harusi. Wazazi walikuja wengi, nilitamani uone. Wanaume juu, wanawake chini, sisi tukizoa na kufagia. Watoto tuliwaweka mbali kabisa. Vumbi lilikuwa kama ukungu, tukawa weupe wote mpaka kope, tukachekana. Kufikia alasiri darasa la Chiriku na la pili yake yalikuwa yamebaki mbingu tupu, tukafunga maturubai yako juu.

Mabamba mazima yalibaki mengi. Unajua kazi za kusaidiana, mtu haondoki mikono mitupu. Nikayagawa mwenyewe, maana mimi nimezoea kukata kitambaa kila mtu apate haki yake. Hakuna aliyelalamika. Mama Pacha amepata la kuezekea banda la kuku, mwashi ana la jikoni kwake, yetu nimeyatandika uani pale pa kufulia, matope yamekwisha.

Usiku nimelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Februari. Kwa siku moja, mume wangu, sikuwa mpweke. Shauri lilikuwa lako, na nilimwambia kila mtu hivyo.

Chiriku naye ameandika yake. Ameifunga kwa gundi na hataki niione, anasema ni siri yenu wawili.

Mkeo mwenye furaha,
Mama Chiriku


Tarehe 6 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Mimi sijambo. Mama hajambo. Cherehani nayo haijambo.

Baba jana tulibomoa shule! Mama alisema watoto tusisogee lakini watu wazima waliokuja walikuwa wachache, Mama aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akaingia darasani akakaa kidogo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema haya watoto wakubwa njooni msaidie kuzoa. Mimi sio mkubwa sana lakini nilikuja.

Nilibeba vipande vingi kuliko mapacha wote wawili. Nilivibeba kwenye gauni langu nimelikunja hivi mbele. Vingine tulikuwa tunavirusha ukutani vinapasuka paa! vinatoa moshi, tukacheza vita. Nilikuwa mweupe kama mzimu nikamtisha mwalimu mkuu.

Mabamba yalipoanza kugawiwa watu wakaja wengiii, hata wale ambao hawakufanya kazi. Mama akawapa tu.

Mama ameniambia nisikuandikie kuwa nilibeba kwa sababu utamgombeza. Usimgombeze. Mimi ndiye niliyetaka kwa sababu Mama alisema shauri limetoka kwako, kwa hiyo nilikuwa nafanya kazi yako.

Je, umefurahi?

Mimi mwanao,
Chiriku


Tarehe 18 Aprili

Baba Chiriku,

Barua yako ya tarehe 29 imefika juzi. Konokono aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, mguu mzima una matope. Alikaa njiani siku zote hizo, lori limezama mpaka kwenye milango. Akasema, "Samahani, mama, imelowa kidogo." Sina ugomvi naye.

Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye neno nyundo nikakaa kwenye ngazi. Chiriku alikuwa uani anajenga nyumba ya mwanasesere kwa vipande vya paa, anavisaga pembeni ili vikae sawa, anapuliza vumbi. Nikamnyakua mkono. Nilimshika kwa nguvu mno, akalia, akaniuliza amefanya nini. Nikamwosha, nikamwosha tena kama mtoto mchanga, nikafua kila nguo ndani ya nyumba.

Nilikudanganya. Hawakuja wengi, walikuja wachache sana, na watoto walibeba. Nadhani Chiriku ameshakuambia, kwa hiyo sijui ninaficha nini na ninamficha nani. Sikutaka ujue kwamba nilisimama pale uwanjani nikitazama njia na njia haina mtu. Ingekuwa aibu mara mbili, yao na yangu.

Jana nimezunguka kuyadai mabamba niliyoyagawa. Wewe cheka ukiweza. Mama Pacha amesaga kipande chake anasugulia masufuria, ananionyesha yanavyong'aa kuliko kwa majivu. Nilipomwambia ni sumu akaweka mikono kiunoni. "Juzi umenigawia kwa mkono wako, leo ni sumu. Umepata mteja wa kumwuzia, sema tu." Mwashi yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenyekiti, vumbi hilo nimelila maisha yangu yote. Unataka nifanye nini sasa, nilitapike?" Akafunga mlango polepole, ikaniuma kuliko angeubamiza. Nyumba nyingine hawakufungua, nami nawasikia ndani wananong'ona.

Na hili ndilo la mwisho. Gari la serikali limekuja shuleni. Miezi yote ile hawakuwa na usafiri, leo umepatikana! Nilikimbia nikidhani wataalamu wamefika. Walikuja kuuliza nani ameharibu mali ya umma. Wazazi wakatazama chini. Hakuna aliyenitaja na hakuna aliyenisemea. Wametuambia anayehusika afike ofisini Jumatatu ya tarehe 5 Mei kuandika maelezo, la sivyo watachukuliwa wote.

Niambie la kufanya. Najua barua itachelewa. Niambie tu.

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 26 Aprili

Mke wangu,

Barua zenu tatu zimefika pamoja. Nilianza na ya Chiriku kwa sababu ilikuwa na gundi nyingi na ilinichekesha. Natamani ningeanza na yako.

Sikugombezi. Nitakugombeza kwa kinywa gani? Mimi nililala chini ya paa kama lile, nikakufundisha kulivunja kama mtu anayejua. Nilitaka niwe baba wa kufanya jambo, hata kwa barua. Nilijisikia fahari kabisa siku ile, nikawasimulia wenzangu kambini.

Nimemfuata Usiguse, siku hizi ananikimbia akiniona. Nimemwuliza kuna dawa gani ya kumpa mtoto. Akasema hakuna ya kunywa wala ya sindano. Unga ukishaingia umeingia. Huenda usimfanye lolote maisha yake yote, watu wengi huwa hivyo. Huenda ukamwibukia akiwa na watoto wake mwenyewe. Nikamwuliza, sasa tutajuaje? Akasema, "Mtajua baadaye." Nikataka kumpiga. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naye ana machozi, nikakaa karibu naye.

Alisema jambo moja la maana. Waliokumbana na asbesto wakiandikishwa rasmi, wanaweza kudai kupimwa kifua kila baada ya muda, na ugonjwa ukija unaonekana mapema. Wasioandikishwa hakuna anayewajua. Akasema pia mabamba yaliyobaki yamwagiwe maji, yafungwe kwenye plastiki, na hapo pa kufulia usifagie.

Lakini kuhusu Jumatatu, nakuomba, usijitaje. Wengine wamenyamaza, nawe nyamaza. Waseme walifanya wote, nani atawafunga wazazi wa shule nzima? Ukifungwa wewe Chiriku atabaki na nani?

Nimemwambia msimamizi nataka kurudi. Anasema barabara lazima ifike darajani kwanza, nikiondoka sasa greda atapewa mwingine na nisirudi tena. Nimekaa na jambo hili kila jioni tangu juzi. Wametuhamishia kwenye mahema, usiku yanapigwa na upepo, na kila nikishtuka nasikia kama kuna mtoto anakohoa. Hakuna mtoto huku. Nije au nikae? Wewe ndiye unayeona yaliyoko huko. Niambie na mimi nitafuata.

Mumeo


Tarehe 7 Mei

Baba Chiriku,

Nilikwenda. Nimejitaja.

Barua yako ilinifikia siku mbili kabla, safari hii Konokono hakuzama. Nimeisoma mpaka maneno yamenikaa kichwani, na lile lako la kunyamaza nimelielewa, linatoka kwenye mapenzi. Lakini umeniandikia mengine juu yake: wasioandikishwa hakuna anayewajua. Nani atawaandikisha, kama kwenye kumbukumbu zao paa lenyewe ni chakavu kiasi?

Ofisa alikuwapo, na askari mmoja wa kuandika maelezo. Nje wazazi walikuwa wamejaa, wamekaa kwenye ukuta wa maua chini ya dirisha, maana waliogopa kuchukuliwa wote. Ndani niliingia peke yangu. Askari akaandika, akanisomea: mimi, mwenyekiti wa kamati, nilivunja paa chakavu la shule. Akanipa kalamu. Nikamwambia sijavunja paa chakavu. Nimevunja paa la asbesto.

Ofisa akakohoa kidogo, akasema, "Mama, neno hilo ni la kitaalamu. Sisi hatuna mamlaka ya kuliandika."

Nikasema, "Basi mtu wenu mtafuteni kwingine. Kama paa halikuwa la asbesto, mimi sikuligusa. Kama lilikuwa la asbesto, nimelivunja mimi, andika na jina la baba yangu."

Askari akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka. Ofisa akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya upole, nadhani hata kwa huruma, "Ukisaini hivyo unajifunga mwenyewe. Unajua?" Nikamwambia najua. Akatoka kupiga simu kwa wakubwa wake. Nikakaa. Ile feni yake inazunguka juu yangu. Nilitamani uwe kwenye kiti cha pili, hata bila kusema la maana, uvute tu maneno yako hayo.

Alirudi amechoka. Akamwambia askari, "Andika." Wameandika asbesto, Baba Chiriku. Iko kwenye karatasi yenye mhuri wao. Lakini sikusaini kwanza. Nikasema waongeze kwamba watoto walikuwapo na walibeba, na waandike majina. Nikataja la Chiriku la shuleni, lile refu. Nikawataja wengine niliowaona siku ile. Wa Mama Pacha sikuwataja, kwa kuwa hatusemezani, nikaogopa kumwongezea chuki. Ndipo nikasikia sauti yake dirishani, kutoka nje: "Na wangu wawili." Hakuingia, na nilipotoka alitazama pembeni. Lakini alisema, na askari aliandika. Kisha nikasaini.

Mahakamani naitwa mwezi ujao. Maturubai yako bado yanapigwa na upepo pale juu, mabati hayajaja, na Bwana Tunalifanyia Kazi sasa ana kazi moja tu, ambayo ni mimi. Sijuti. Naogopa tu.

Umeniuliza uje au ukae. Jana jioni tulikuwa tunakunywa chai, Chiriku anasimulia na mkate umemjaa mdomoni, akapaliwa. Akakohoa. Ilikuwa chai tu, nikampigapiga mgongoni, akafuta machozi akaendelea na hadithi yake pale pale alipoiachia. Lakini mimi sikusikia tena anasema nini. Nilikuwa nasikiliza kifua. Nikajua ndivyo nitakavyoishi, kila mafua, kila asubuhi ya baridi, mpaka awe mtu mzima, mpaka mimi niwe bibi. Yeye haelewi, majirani hawataki kusikia, na kazi hii haiishi darajani.

Barabara waachie wengine. Rudi nyumbani, tumsikilize wawili.

Mkeo,
Mama Chiriku